Kijana Anapomwambia Muuguzi, "Navuta Bangi"

Somo: Yohana 5:1–9

 

Majuma machache yaliyopita tulipokea barua ya mama mmoja. Hatutataja jina lake wala kijiji chake, kwa maana ametuomba hivyo, nasi twaona ombi lake ni la haki. Ana mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 20, ambaye alianza kuvuta bangi alipokuwa kidato cha pili. Mama huyu hakuandika ili kumshtaki mwanawe. Aliandika juu ya watu wawili waliovaa makoti meupe.

Mara ya kwanza alimpeleka kijana kwenye kituo cha afya. Kijana mwenyewe alikubali kwenda, na kila mzazi aliyepita njia hiyo ajua kwamba kukubali huko si jambo dogo. Walipofika mbele ya muuguzi, naye akauliza, "Ana nini huyu?" mama alijibu kwa sauti ya chini, "Ni bangi." Muuguzi akapaza sauti hata waliokaa kwenye benchi wote wakasikia: "Sisi hapa twatibu wagonjwa, mama. Huyo mpeleke kwa chifu." Wakarudi nyumbani bila kusemezana neno njiani.

Baada ya miezi kadhaa walijaribu mahali pengine. Huko walimkuta ofisa wa kliniki, yule ambaye sisi sote humwita daktari, kijana mpole aliyewapa viti na kuwasikiliza. Lakini maneno yake yalikuwa haya: "Bangi si kama heroini, mama. Haina arosto. Akiamua kuacha ataacha tu." Arosto, kwa wasiolijua neno hili, ni jina ambalo watu wa Pwani wameyapa mateso yampatayo mtu aachapo dawa za kulevya ghafula.

Basi kijana akaamua. Aliacha siku ya Jumatatu. Usiku wa Jumanne hakupata usingizi. Jumatano alitokwa na jasho hata shuka zikalowa, akakinai chakula, akamfokea dada yake mdogo kwa sababu ya kijiko. Alipopata usingizi kidogo aliota ndoto za kutisha. Siku ya sita aliirudia bangi, akamwambia mama yake maneno ambayo mama ameyaandika kwa wino mwekundu: "Daktari alisema haina arosto. Basi ubovu ni wangu mimi."

Twaomba mtulie kidogo juu ya maneno hayo. Yule muuguzi wa kwanza alikosa upendo, na hilo twaliona sote. Ofisa wa pili hakukosa upendo. Alikosa elimu, na kosa lake, ijapokuwa alilisema kwa upole, ndilo lililomwumiza kijana zaidi.

Kwa hiyo leo hatutahubiri juu ya ubaya wa bangi. Mahubiri hayo mmekwisha kuyasikia. Twataka kusema juu ya wale wanaopaswa kuitibu: wanajua nini, na wanamwonaje mgonjwa wa namna hii. Wengi wao ni washiriki wa makanisa yetu. Huimba kwaya pamoja nasi, na Jumatatu huenda kazini katika hospitali ambazo nyingine zilijengwa na makanisa haya haya.

Bangi imekaa nasi siku nyingi. Hata jina lake lilitoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wa majahazi. Lakini kile kinacholevya ndani yake hakikutengwa na kujulikana vema hadi mwaka 1964, wakati wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walipoipata kemikali ambayo kwa kifupi huitwa THC. Mwaka 1988 huko Marekani iligunduliwa kwamba ubongo una vipokezi ambamo kemikali hiyo huingia, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Tena mwaka 1992 ikajulikana kwamba mwili wenyewe hutengeneza ufunguo wake, kidogo kidogo, kwa kazi zake za kila siku: usingizi, hamu ya kula, utulivu wa moyo, kumbukumbu.

Sasa fikirini. Mtu akivuta kila siku kwa miaka, ubongo huona funguo zimezidi, nao hupunguza kufuli. Akiacha ghafula, kufuli zilizobaki ni chache, na ufunguo wa mwili pekee hautoshi. Usingizi utatoka wapi? Hamu ya ugali itatoka wapi? Wataalamu waliopiga picha za ubongo wa waliokuwa wakivuta kila siku wameona kwamba vipokezi hurudi, lakini kwa muda wa kama majuma manne.

Hiyo ndiyo arosto ya bangi. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuacha. Huzidi katika juma la kwanza, na mengi yake huisha kwa juma moja au mawili, ijapokuwa usingizi waweza kusumbua mwezi mzima na zaidi. Hasira, wasiwasi, kukosa usingizi, ndoto kali, kukosa hamu ya chakula. Wengine tumbo huwauma, hutetemeka, hutokwa na jasho, kichwa huwagonga. Kwa kawaida haiui, wala haihitaji kufungiwa mtu chumbani. Lakini ipo.

Kwa nini basi ofisa yule alisema haipo? Tusimhukumu upesi. THC hukaa katika mafuta ya mwili, na kutoka humo hutoka polepole, ndiyo maana mkojo wa mvutaji wa kila siku waweza kuonyesha bangi majuma kadhaa baada ya kuacha. Kwa sababu hutoka polepole, arosto yake haiji kwa kishindo kama ile ya heroini, na waganga wengi hawakuitambua. Kitabu cha Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, ambacho hufuatwa na vyuo vingi duniani, katika toleo lake la mwaka 1994 hakikuiweka arosto ya bangi kuwa ugonjwa. Iliingizwa katika toleo la mwaka 2013. Aliyesoma kabla ya hapo kwa kitabu hicho alifundishwa kwamba hakuna. Na mwalimu humfundisha mwanafunzi kile alichofundishwa yeye.

Yatazameni maneno machache ambayo yangemfaa yule kijana. "Usingizi utakuhama kwa siku kadhaa. Siku ya pili hadi ya sita ndizo mbaya. Utakuwa na hasira, na mama yako nampa habari hiyo sasa ili asije akadhani umemchukia. Njoo unione Alhamisi." Ni dakika mbili tu. Hakuna dawa iliyonunuliwa, hakuna kitanda kilichotumika.

Wengine mtasema wavutaji ni wachache, mambo haya hayatuhusu. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 uliona kwamba mtu 1 katika kila 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya alikuwa akitumia bangi wakati huo. Jumla yao ni zaidi ya watu 518,000. Kanisa lenye watu wazima 200 na lipige hesabu yake. Si wote waliofungwa na bangi, la. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 walioionja, kama 9 walifikia hali ya kutoweza kuiacha. Na kwa wanaoanza wangali vijana wadogo hukadiriwa kuwa mmoja katika kila 6. Siku hizi tena haivutwi tu. Hutiwa katika keki, biskuti na peremende, na mzazi anayenusa nguo za mtoto hanusi kitu.

Sasa tugeuke tumtazame muuguzi wa kwanza, yule wa benchi.

Mwaka 2013 wataalamu wa Uholanzi walikusanya tafiti 28 zilizofanywa katika nchi za Magharibi, zote juu ya jinsi wahudumu wa afya wanavyowaona watu wenye uraibu. Habari yake si njema. Wahudumu wengi waliwadhania kuwa wakali, wadanganyifu, wasiotaka kupona. Mgonjwa wa namna hiyo alipewa muda mfupi kuliko wengine. Tena wahudumu wenyewe walikiri kwamba hawakufundishwa vya kutosha, wala hawana wa kuwasaidia kazini. Mambo haya mawili hufuatana: mtu asiyejua la kufanya hukasirika upesi, kwa sababu mgonjwa aliye mbele yake anamwonyesha kwamba hajui. Twadhani hata yule muuguzi alisema "mpeleke kwa chifu" kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Kuna jaribio jingine linalotugusa sisi wenye kazi ya kusema. Mwaka 2010 huko Marekani, John Kelly na mwenzake Cassandra Westerhoff waliwapa wataalamu wa afya ya akili zaidi ya 500 habari fupi ya mgonjwa mmoja. Habari ilikuwa ile ile kwa wote, ila neno moja. Nusu yao walisoma kwamba mtu huyu ni mtumiaji mbaya wa dawa za kulevya. Nusu nyingine, kwamba ana ugonjwa wa matumizi ya dawa za kulevya. Basi waliosoma lile neno la kwanza walielekea zaidi kumwona ana hatia mwenyewe na kwamba anastahili adhabu. Na hawa walikuwa watu waliosomea kazi hiyo, si watu wa sokoni.

Sisi twasema "mvuta bangi," twasema "teja." Katika vipindi vyetu vya nyuma tumeyatumia maneno haya mara nyingi, nasi twakiri. Hata jina la mahali pa matibabu katika nchi yetu, "kituo cha kurekebisha tabia," lamwambia mgonjwa kabla hajavuka mlango kwamba shida yake ni adabu. Hatuendi kituo cha kurekebisha tabia kwa ajili ya kisukari, ingawa kisukari nacho kina mambo mengi ya tabia.

Dharau ina hatari nyingine, nayo ni kwamba hufumba macho. Mwaka 1893 serikali ya Kiingereza huko Bara Hindi iliunda tume ya kuchunguza bangi, nayo ilitoa taarifa yake mwaka uliofuata baada ya kuwahoji mashahidi zaidi ya 1,000. Watu walikuwa wameamini siku nyingi kwamba hospitali za wendawazimu zimejaa wavuta bangi, kwa maana madaftari ya hospitali hizo yalisema hivyo. Tume ikawafuatia wagonjwa mmoja mmoja, ikagundua jinsi madaftari yalivyoandikwa. Karatasi iliyomleta mgonjwa ilikuwa na nafasi ya kuandika chanzo cha ugonjwa, na aliyeijaza ni polisi au karani wa hakimu. Asipojua chanzo, bangi ilikuwa karibu. Hospitali ikanakili neno hilo katika daftari lake, na mwisho wa mwaka likawa hesabu ya serikali.

Je, jambo hili lilikwisha na karne ile? Kijana aletwa hospitalini anapayuka, na jirani mmoja asema, "Huyo huvuta." Hapo uchunguzi wote waweza kusimama. Lakini kupayuka kwaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au ugonjwa wa uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka, au ugonjwa wa akili ambao ungekuja hata kama hangaliigusa bangi. Muuguzi mwema huuliza juu ya bangi, na bado hupima damu.

Kosa la kutouliza kabisa nalo lipo. Mwaka 2004 madaktari wa Australia Kusini waliandika habari za wagonjwa waliokuwa wakitapika mara kwa mara kwa miaka, nao walikuwa na desturi ya ajabu ya kuoga maji ya moto mara nyingi kwa siku kwa sababu yaliwapa nafuu. Walipimwa hiki na kile. Wote walikuwa wakivuta bangi kila siku kwa muda mrefu, na walioacha walipona kutapika. Kama hakuna aulizaye, na tena aulizaye kwa sura isiyomtisha mgonjwa, ugonjwa kama huo utajulikanaje?

Je, matibabu yake ni nini? Hadi leo hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa ajili ya kuwaachisha watu bangi, na yeyote awauziaye chupa ya dawa ya namna hiyo awafanyia biashara. Dawa iliyojaribiwa ni mazungumzo, lakini si mazungumzo ya kila namna. Mwaka 1983 William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye hapo kabla alikuwa amekaa Norway na washauri wa walevi, aliandika juu ya njia ambayo twaweza kuiita mazungumzo ya kuamsha nia. Aliona kwamba mshauri akishindana na mgonjwa, mgonjwa huitetea pombe yake. Wewe wasema bangi ni mbaya. Yeye ajibu kwamba babu yake alivuta akaishi miaka 90. Kila anapojibu, ajihubiria mwenyewe habari njema ya bangi. Basi Miller akageuza: muulize yeye anapenda nini katika hali hiyo, na nini kinamchosha, ukae kimya usikie.

Twalikumbuka somo letu la leo. Mtu yule wa birikani alikuwa ameugua miaka 38, na Bwana alianza kwa kumwuliza kama anataka kupona. Swali hilo limewashangaza wengi. Lakini mwangalieni na jibu: yule mgonjwa hakusema ndiyo. Alieleza jinsi asivyokuwa na mtu wa kumsaidia, na jinsi wengine wanavyomtangulia. Wala hakukemewa kwa jibu hilo.

Kuanza si vigumu. Shirika la Afya Duniani lina fomu iitwayo ASSIST, yenye maswali 8, ambayo muuguzi au ofisa wa kliniki aweza kuimaliza kwa dakika chache, kisha akampa mgonjwa ushauri mfupi hapo hapo. Mahali penye nafasi zaidi, ushauri huendelea kwa majuma: kujua saa na marafiki wanaomvuta mtu kwenye bangi, kujifunza la kufanya wakati huo, na kwa vijana kuwaingiza wazazi katika mazungumzo.

Hata hivyo tusiwadanganye. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika miji mitatu ya Marekani kwa watu wazima 450. Wengine walipewa mazungumzo mara 9, wengine mara 2, wengine waliambiwa wangoje. Baada ya miezi minne, waliokuwa wameacha kabisa walikuwa kama 23 katika 100 kwa wale wa mara 9, kama 9 kwa wale wa mara 2, na kama 4 kwa waliongoja. Wengine wengi walikuwa wamepunguza. Muuguzi asiyezijua namba hizi atamwona kila anayeirudia bangi kuwa mwongo. Anayezijua atamwandikia tarehe nyingine.

Jambo moja halingoji tarehe. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, anayedhani watu wanamwinda, au anayetaka kujiua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Zipo dawa za kumtuliza na kumtibu. Huko Sweden walifuatiliwa vijana 45,570 walioandikishwa jeshini, na matokeo ya mwaka 1987 yalionyesha kwamba waliovuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini walipatwa na skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Wengi wa wavutaji hawakuugua hivyo. Lakini nyumba yenye historia ya ugonjwa wa akili isilichukulie jambo hili kwa mzaha.

Tena wengi huogopa kwamba muuguzi atawaita polisi. Ni kweli bangi bado ni kosa chini ya sheria yetu ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema habari za mgonjwa ni siri, na hazitolewi ila kwa sababu chache zilizotajwa humo. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuomba mlango ufungwe, na mama ana haki ya kutotaja neno bangi mbele ya benchi. Anayetaka kuanza kwa simu aweza kupiga 1192 ya NACADA bila malipo.

Haya yote tuliyaandika katika barua yetu kwa yule mama, pamoja na siku za arosto zilizohesabiwa moja moja, ili amsomee mwanawe. Amejibu juma hili. Walikwenda mara ya tatu, hospitali nyingine, nao walimpata muuguzi mwanamke mtu mzima aliyefunga mlango kwanza. Kijana alikaa siku 17 bila kuvuta. Jumamosi ya arusi ya binamu yake akavuta. Jumatatu alikwenda peke yake kumwambia yule muuguzi, akiwa amekwisha kujitayarisha kufukuzwa. Muuguzi akachukua kalamu, akasema, "Keti, mwanangu. Jumamosi ilianzaje?"